Kipaji Chako, Kiingilio Chao

Siku hizi ukichoka na kazi hushauriwi kwenda likizo; unaelekezwa semina ya kugundua kipaji. Unalipa kiingilio, unakalishwa kiti cha plastiki (cha VIP kimevalishwa kitambaa), kisha mhamasishaji aliyeacha benki anakufundisha namna ya kuacha benki. Kipaji chake hakihitaji kugunduliwa: kinahesabiwa pale mlangoni.

Halafu linakuja dodoso. Lile maarufu la Myers-Briggs lilibuniwa Marekani na mama na bintiye, ambao hawakusomea saikolojia; binti aliwahi pia kuandika riwaya ya upelelezi. Linawapanga wanadamu wote katika mafungu 16, na hutaka kujua kama sherehe zinakuchosha. Dar es Salaam, ambako kadi ya mchango inakufuata WhatsApp mpaka kitandani, nani atajibu kuwa hazimchoshi?

Lakini mwenyekiti wa kamati ya harusi mtaani kwetu hana fungu. Mama huyu hukusanya mamilioni kwa watu wanaoapa hawana kitu, bila polisi wala hakimu. Hushusha bei ya ukumbi mpaka mwenye ukumbi aombe radhi, na bado hubakiza fedha za kuvunjia kamati. Juzi aliomba kazi ya kukusanya madeni kwenye kampuni moja. Akajibiwa kwa barua: hana uzoefu. Meneja aliyeisaini hajamaliza ahadi yake ya harusi ya mpwawe, na mama anajua anapoishi.