Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Shimo

Mheshimiwa Unayehusika,

Sisi huku mtaani Bujumbura hatujambo, isipokuwa miguu.

Unisamehe kwa kutokutaja cheo chako. Ofisi ya kwanza ilisema shimo la mtaro mtaani kwetu si lake, ya pili ikasema barabara ina wenyewe, na wenyewe wakasema mtaro si barabara. Nikaona nikuandikie wewe, Unayehusika, popote ulipo. Hata Leopold wa Pili, mtu tusiyemkumbuka kwa huruma, aliacha amri ya mwaka 1888 ambayo kifungu chake cha 258 tunacho mpaka leo: aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake, amlipe. Kwa hiyo lazima upo.

Wanaojua sheria wametushauri tusikurupuke kwenda kwa hakimu. Kwanza umwandikie mkubwa, upigiwe muhuri wa kupokelewa, kisha ukae usubiri ukimya wake, ambao nao huhesabiwa jibu. Kwa kuwa tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, nikachungulia kwa majirani. Tanzania, anayetaka kuishitaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimeingia chini ya mwavuli huo, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Uganda sheria inasema siku 45. Kenya zilikuwa 30, mpaka Jaji Majanja wa Mahakama Kuu alipoamua mwaka 2012 kwamba sharti hilo linamzibia mwananchi njia ya haki. Lakini hukohuko Kenya, ukiumizwa na lori la mfanyabiashara una miaka 3 ya kufungua kesi. Likiwa la Serikali, una miezi 12. Majeruhi anaambiwa "subiri" na "umechelewa" kwa mdomo mmoja.

Najua pia mna shughuli nyingi. Mikoa yetu 18 imekuwa 5, komine 119 zimekuwa 42, na barua aliyoandikiwa mkubwa wa jana leo haina wa kuipokea. Ni busara kubwa: kesi humalizika vizuri zaidi mshitakiwa akibadilika jina. Katika mageuzi yote hayo ni shimo peke yake lililobaki palepale, kwa upana uleule.

Ndiyo maana ombi langu kubwa ni hili: shimo liandikwe kwenye kaye ya nyumba, daftari la wanaolala humo.

Limekaa hapa kuliko wapangaji wengi. Mfuniko wake wa chuma uliondoka usiku, nadhani kwenda kwa wanunua vyuma chakavu, nalo likaanza maisha. Tuliliwekea tairi bovu na tawi la mwembe ili kuwaonya wapita njia. Mvua ya kwanza likameza tairi, tawi likabaki limesimama kama mtu anayengoja kuhudumiwa. Mkazi wa namna hii anakosaje karangamuntu, yaani kitambulisho? Mimi shemeji akilala kwangu usiku mmoja bila kuandikwa, alfajiri naulizwa.

Fomu nimekwisha kuijaza ili nisikuchoshe. Jina: Shimo. Jina la baba: Mtaro. Mahali pa kuzaliwa: hapohapo. Kazi: kupokea wageni. Hali ya ndoa: linaishi na dimbwi bila cheti. Likumbushwe kwamba mwaka 2017 wenzake walioishi hivyo walipewa mpaka mwisho wa mwaka wawe wameoana. Jumamosi asubuhi lihudhurie kazi za maendeleo kama sisi sote, na michango ikipita, lichange.

Likishakuwa mkazi kamili, nalo lifuate utaratibu wa notisi. Siku 90 kabla ya kuvunja mguu, limwandikie mwenye mguu, likitaja ni wa kulia au wa kushoto, na saa ngapi. Nakala kwa mkuu wa mtaa. Mwenye mguu akinyamaza, isihesabiwe kwamba amekubali. Kunyamaza na kuhesabiwa umejibu ni heshima ya wakubwa peke yao.

Maombi mengine ni madogo. Mfupa uamriwe usiunge mpaka hakimu auone. Maumivu yapumzike siku za sikukuu, maana ofisi nazo zinapumzika. Na mvua itafute mji mwingine.

Kuna muuza ndagala ninayemfahamu, alitumbukia alfajiri, beseni likiwa kichwani. Aliokota ndagala kwanza, ndipo akautazama mguu. Hospitali haikumpa siku 90. Haikumpa hata moja: alipomaliza kutibiwa hakuruhusiwa kutoka, akalala pale kama rehani ya deni lake mwenyewe. Wewe unapewa muda wa kutafakari. Yeye, ambaye mtaji wake wote ulienea kwenye beseni, nani alimuuliza anaweza kukaa siku ngapi bila kula? Na Februari 2014, usiku ule maji yalipovamia Kamenge na Kinama na kuua watu zaidi ya 50, nani alipewa notisi? Lakini Machi 2022, baiskeli, pikipiki na bajaji zilipotakiwa kuondoka katikati ya mji, ziliondoka, na hatukusikia habari ya siku 90. Kumbe mbio mnaziweza. Ni sisi ambao hatustahili kukimbiliwa.

Samahani, Mheshimiwa. Kalamu imeteleza, na kuteleza huku kwetu ni jambo la kawaida.

Nahitimisha kwa adabu. Barua hii ihesabiwe kuwa notisi, na siku zianze leo. Kama shimo kweli si lako, usijisumbue kunijibu. Nielekeze tu kwa mkubwa wa yule kijana wa risiti anayepita kila asubuhi kwenye meza ya yule muuza ndagala kudai ushuru. Mwenye meza alipokuwa amelazwa, kijana alipita vilevile, akamdai binti yake. Hajapata kupotea njia, wala hajapata kusema meza hiyo inahusu ofisi nyingine.

Wako mtiifu,
Mlipa ushuru