Mtu Nadhifu na Waya wa Mtandao

Mtandao wa kompyuta za ofisini huweza kustahimili vumbi, panya na kukatika kwa umeme, lakini haumwezi mtu nadhifu. Mtu huyo akikuta chini ya meza waya wa buluu ambao ncha yake moja imelala sakafuni, huuinua, hutafuta tundu lililo wazi katika swichi, yaani kile kisanduku kinachogawa mawasiliano baina ya kompyuta, na kuuchomeka, bila kutambua kwamba ncha ya pili ya waya huohuo imeshachomekwa katika kisanduku hichohicho. Vitaa vya kijani vilivyozoea kuwaka kwa zamu huwaka vyote pamoja kama vya ukumbi wa harusi, printa hunyamaza, na mhasibu huuliza nani kazima intaneti.

Kiini cha balaa hili ni utii uliopita kiasi. Kompyuta isiyojua mwenzake yuko wapi hupiga mbiu kwa wote, nayo swichi huirudufu mbiu hiyo na kuitoa katika kila tundu isipokuwa lile ilimoingilia. Palipo na kitanzi, mbiu huzunguka, hurudi na kurudufiwa tena, kwa kuwa fremu ya Ethernet, tofauti na pakiti ya IP inayobeba hesabu ya hatua ilizobakiza kabla ya kutupwa, haikuandikiwa siku ya kufa. Tufani hiyo haitulii mpaka waya uchomolewe, na ni nadra anayeuchomoa kuwa yule aliyeuchomeka, maana wakati huo yeye yuko mlangoni kwa fundi, analalamika kwamba barua pepe hazifunguki.

Dawa ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, ambaye aliieleza kazi yake hata kwa shairi, jambo ambalo mafundi wa leo hawajaliiga, na pengine ni heri. Katika itifaki hiyo, iitwayo STP, swichi hutumiana salamu kila baada ya sekunde 2, huchagua mkuu wao aitwaye mzizi, kisha kila moja hushika njia nafuu zaidi ya kumfikia, na njia za ziada hufungwa bila kukatwa, zikingoja siku ambayo njia kuu itakatika. Uchaguzi wenyewe una vituko vyake: swichi zote hutoka kiwandani zikiwa na kipaumbele kilekile, 32768, hivyo fundi asipokibadilisha ushindi huenda kwa yenye anwani ndogo ya kiwandani, ambayo mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote, ile iliyosahauliwa stoo nyuma ya ndoo za usafi. Kuheshimu wazee ni adabu njema, ila si kila mzee apewe uenyekiti.

Katika toleo la awali, tundu lililochomekwa waya husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa nyingine 15 kabla ya kupitisha chochote, na mfanyakazi asiye na subira huzitumia sekunde hizo 30 kuchomoa waya na kuuchomeka upya, akaianzisha hesabu mwanzo. Toleo la haraka la mwaka 2001 lilipunguza sana kungoja huko. Hata hivyo, swichi nyingi za bei rahisi zinazofichwa chini ya meza haziijui kabisa itifaki hii, na hapo ndipo waya wa buluu hulala. Msomaji atakayeukuta, tafadhali aupite.