Seva Inayokoroma Sebuleni

Nyumbani kwetu Sinza mwenye sauti si mimi. Ni ThinkPad T420 iliyostaafu ofisini nami nikaipa ajira mpya ya useva: imelala juu ya kabati la sebuleni, kifuniko kimefungwa, inatunza picha za familia na kurusha filamu kwenye runinga. Ninavyoisifia betri yake! Umeme ukikatika, yenyewe inachapa kazi tu. (Ruta huwa imezimika, kwa hiyo hakuna anayeweza kuifikia, lakini heshima yake iko palepale.)

Shida ni Februari. Nje nyuzi 32, ndani ya prosesa nyuzi 90, na kifeni kinanguruma kama jenereta ya kinyozi. Shangazi alikuja kutoka Tanga, akang'ang'ania kulala kwenye kochi. Usiku akaniita: "Mwanangu, nani huyu anayepumua kwa shida?"

Kuanzia hapo kila mtu akawa daktari. Mke wangu akaielekezea feni kubwa, tukawa na feni mbili zinazogombana. Mtoto akapendekeza friji. Nikamkatalia, maana kitu kikitolewa kwenye baridi kinatoka jasho, na jasho na umeme haviivi chungu kimoja. Shangazi hakupendekeza. Aliifunika khanga. Joto likapanda mpaka mashine ikajizima yenyewe, kama ilivyoundwa kufanya. Kimya. "Umeona?" akasema. "Ilikuwa inasikia baridi."

Fundi wa Kariakoo alipoifungua, njia ya hewa ilikuwa imezibwa na vumbi, na pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na bomba la shaba imekauka, inamomonyoka. Akasafisha, akapaka mpya. Nami nikainyanyua kwa vizibo vinne vya soda ivute hewa kwa chini.

Ila kilichotupa usingizi hasa ni kuizuia isikimbie. Nilizima turbo, ikabaki kwenye gigahezi 2.5 badala ya kurukia 3.2. Mbio zile za ziada hudai volti zaidi, na volti ndizo zinazoleta moto. Picha zinahifadhika vilevile, filamu haikwami, na shangazi analalamikia mbu tu sasa.

Na wewe mwenye laptopu inayoshinda kwenye chaji kama yangu, iwekee betri kikomo cha asilimia 80 kama inakubali. Ukiona betri imevimba, au kibodi imeinuka, izime laptopu, chomoa waya, umwite fundi. Usiibonyeze betri wala kuitoboa.