Haki ya Inzi Mweupe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu ninayetaka kumpa haki yake leo hata mnyonge si mnyonge, ijapokuwa urefu wake ni kama milimita moja tu. Geuza majani machanga ya muhogo katika tambarare za Same, iwe Hedaru na Makanya upande huu wa mlima au Maore na Ndungu upande ule, utawaona wakitimka kama vumbi la unga. Huyo ndiye inzi mweupe, ambaye wanasayansi humwita Bemisia tabaci. Tumezoea kumtaja kwa hasira, na hasira haijatusaidia. Mimi nataka kumsifu, na kila sifa nitakayoitaja anaistahili.

Nianze na uzazi wake. Jike hutaga upande wa chini wa jani, penye kivuli, mahali ambapo mvua haipigi wala dawa ya bomba haifiki vizuri. Kila yai lina kikonyo anachokichomeka ndani ya jani, na kupitia hicho yai hunywa maji ya mmea hadi lianguliwe. Hata jike ambaye hajapandwa hutaga, ila mayai yake hutoa madume matupu. Akishapandwa hutaga ya majike pia. Kwa hiyo hata jike mmoja aliyepeperushwa na upepo hadi shamba jipya hana sababu ya kukata tamaa. Katika joto la tambarare, mwezi mmoja hivi unatosha yai kuwa inzi kamili mwenye mabawa.

Chakula chake ni utomvu wa mmea, chakula chenye sukari nyingi na lishe kidogo. Angekuwa peke yake angekonda, lakini mwilini mwake hubeba bakteria wanaomtengenezea virutubisho vinavyokosekana, na mama huwarithisha watoto bakteria hao kupitia mayai. Sukari inayozidi huitoa nyuma, ikadondokea majani ya chini na kuotesha ukungu mweusi unaoharibu kisamvu.

Mimea nayo hujilinda kwa sumu. Mwaka 2021 watafiti wa China walionyesha kwamba inzi huyu ana jeni inayozima sumu za aina ya fenoli, na kwamba asili ya jeni hiyo ni mmea wenyewe. Zamani sana, kwa njia ambayo huenda ilipitia kirusi, jeni ya mmea iliingia katika mwili wa mdudu, akaihifadhi na kuirithisha. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba mdudu anatumia jeni ya mmea kujikinga dhidi ya mimea. Amechukua silaha ya mwenye shamba na kuifanya ngao yake. Sijui mnyama mwingine wa shambani anayestahili heshima kubwa zaidi kwa akiba yake ya urithi.

Lakini sifa yake kuu ni wingi wake wa nasaba. Mwaka 1889 mtafiti Gennadius alimfafanua kwa mara ya kwanza kutoka kwenye tumbaku ya Ugiriki, na kwa muda mrefu akahesabiwa kuwa mdudu mmoja. Vinasaba vilipoanza kusomwa, ikaonekana kwamba chini ya jina hilo moja wamo zaidi ya spishi thelathini. Ukiwapanga mezani hutawatofautisha kwa jicho, hata ukiwa na darubini nzuri. Tofauti zao zimo ndani: mmoja anaishi kwenye muhogo, mwingine anapenda bamia au nyanya, mmoja anastahimili dawa, mwingine hapana. Kule Ivory Coast watafiti waligundua mapema kwamba inzi wa muhogo walimudu muhogo na bilinganya tu, na wale wa bamia hawakuugusa muhogo.

Walioshika muhogo wetu wa Afrika Mashariki wanaitwa SSA1 na SSA2, na SSA1 nao wamegawanyika katika makundi. Hapa Tanzania kundi lililozoeleka ukanda wa Pwani si lile lililojaa Kanda ya Ziwa. Uganda ndiko walikoonyesha uwezo wao wote. Mwishoni mwa miaka ya 1980, eneo la Luwero, batobato kali, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi hawa, ilianza kuteketeza mihogo. Virusi viwili vya batobato vilikuwa vimechanganya vinasaba vyao ndani ya mmea mmoja na kuzaa cha tatu kikali zaidi, na inzi wakaongezeka kupita kiasi. Ugonjwa ulisonga kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka, wakulima wakaacha muhogo, watu wakalala njaa, na kabla ya mwaka 2000 ulikuwa umeshaingia Kagera. Miaka ya 1990 SSA2 ndio walioonekana kwenye mkondo wa ugonjwa. Baadaye SSA1 wakachukua nafasi. Mtafiti aliyedhani anapambana na mdudu mmoja alikuta adui amebadilishwa shambani bila sura kubadilika.

Viazi vitamu havikusahauliwa. Ugonjwa wake mbaya kuliko yote unahitaji virusi viwili: kimoja huletwa na vidukari, kingine na inzi mweupe. Kila kimoja peke yake mmea hukivumilia; vikikutana, mmea hudumaa na mavuno hupotea.

Sisi wa Upare tuna sababu ya pekee ya kumheshimu, kwa kuwa historia iliyoandikwa ya ugonjwa anaouleta kwenye muhogo ilianzia kwa jirani zetu. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg alieleza batobato ya muhogo kutoka Usambara, milima tunayoiona ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Huko huko Usambara, kituo cha utafiti cha Amani, mtafiti Storey aliutambulisha ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Nichols wakaandika jinsi inzi mweupe anavyoeneza batobato. Wakatafuta dawa katika nasaba: wakachanganya muhogo na mti wa mpira ambao ni ndugu yake. Uzao wa kazi hiyo ulisafiri hadi Nigeria, na kutoka kwake zikazaliwa mbegu zinazostahimili batobato katika sehemu kubwa ya Afrika. Bila inzi huyu hakuna ambaye angejisumbua kufanya kazi hiyo.

Tukumbuke pia nani mgeni na nani mwenyeji. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Virusi vya batobato ya Afrika havikuja nao. Vilikuwa hapa katika mimea ya porini, na inzi wetu ndiye aliyevivusha. Mgeni alipofika, mwenyeji alishajiandaa.

Vitabu vya zamani vilisema michirizi ya kahawia, ambayo nayo huenezwa na inzi huyu, ni ugonjwa wa nchi za chini, nadra kupita mita 1,000. Same mjini hatufiki mwinuko huo, lakini ndugu zetu wa juu, kuelekea Chome na Shengena, wangeweza kujifariji. Lakini kuanzia mwaka 2004 ugonjwa huo ulionekana ukienea Uganda, kwenye mwinuko zaidi ya huo. Baridi ya mlimani bado humchelewesha inzi kuzaliana, na hiyo ni neema kubwa, ila mimi nisingeitegemea kama ukuta.

Kuna jambo moja ambalo inzi hawezi. Virusi vya michirizi havikai naye muda mrefu, kwa hiyo havipeleki mbali. Anayevivusha mikoa ni mtu, na pingili zake alizofunga kwenye kiroba na kuzipakia kwenye basi. Inzi huchukua kazi kutoka hapo, mti hadi mti. Inaniuma kusema hivyo, kwa sababu kumpa ndugu mbegu ni wema, na kila mtu katika ukoo wangu amefanya hivyo. Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo Watanzania, walichapisha jinsi walivyosoma vinasaba vya virusi na inzi papo hapo shambani kwa mashine ya kushika mkononi. Ningependa mashine hiyo ifike Kihurio na Kisiwani kabla ya mbegu nyingine kushushwa kwenye basi.

Hadi ifike, tuna panga. Michirizi ya kahawia hujificha: majani yanaweza kuonekana mazuri hadi siku ya kuchimba, ndipo unapokuta ndani ya muhogo pamekauka na kuwa kahawia. Basi mbegu ya masika ichaguliwe siku ya kuvuna. Pasua mihogo ya kila mti unaotaka kuukata pingili, uitazame yote. Mti ambao muhogo wake una doa hata moja la kahawia usiupande, wala usimpe jirani.