Kupanda Mlima wa Simba Siku ya Jumamosi

Mlima wa Simba ni kilima cha mawe ya granaiti kilichoko kaskazini mashariki mwa mji wa Dodoma. Kwa mtu wa Moshi hilo ni tuta. Kwa mtumishi wa umma wa Mji wa Serikali wa Mtumba, ambaye mwinuko pekee anaokutana nao Jumatatu hadi Ijumaa ni ngazi za wizara, na hizo nazo lifti ikigoma, ni mlima kamili wenye haki zote za mlima.

Safari huanzia kwenye kundi la WhatsApp. Huteuliwa mwenyekiti na mweka hazina, hupangwa kuondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi kabla jua halijachanganya, na wote huridhia kwa kidole gumba. Ikifika saa mbili na nusu, wanne huwa wamefika. Wa tano yuko njiani, maana yake anaoga.

Vifaa ni maji, kofia na viatu. Viatu vinahitaji maelezo. Buti mpya za kupandia milima ni ghali, kwa hiyo wengi hununua za mtumba, jina ambalo kwa bahati mbaya hufanana na la mahali pa kazi. Buti hizo huwa na sura ya kuaminika: ngozi ngumu, kamba nyekundu, jina la Kijerumani ubavuni. Ila soli za povu huoza zenyewe kwa unyevu wa hewani, hata kiatu kikikaa kabatini miaka yote bila kuvaliwa. Buti hufika Dodoma ikiwa marehemu wa siku nyingi, na husubiri mita mia za kwanza za mwamba ili msiba utangazwe. Soli hubanduka kuanzia vidoleni na kupiga makofi kila hatua. Dawa ya dharura ni kamba ya kitambulisho cha kazi: huzungushwa kiatuni mara tatu, ikakazwa fundo, na kitambulisho kikaachwa kining'inie, picha ikimtazama mwenyewe kutoka chini kwa mshangao.

Mwamba nao una tabia zake. Granaiti hukwanyuka maganda kama kitunguu, na maganda hayo husagika kuwa changarawe. Changarawe ikitanda juu ya jiwe laini, mguu huenda kabla mwenyewe hajaamua. Anayeteleza hushika kilicho karibu, na katika nyanda hizi kavu kilicho karibu ni mgunga, wenye miiba ya urefu wa kidole. Haya yote hutazamwa na pimbi, mnyama mwenye nyayo nyevunyevu zinazonata kwenye mawe, akiota jua ukingoni bila wasiwasi. Mitaani jina lake ni tusi la mtu mjinga. Pale mlimani, suala la nani hasa ni pimbi huwa bado linajadiliwa.

Katikati ya njia hutokea mtoto mchunga mbuzi, miaka tisa hivi, amevaa katambuga za tairi la gari, soli isiyojua kuoza. Hupita kwa mbio, husimama, huinamisha kichwa: "Shikamoo, mzee." Mzee mwenyewe ana miaka thelathini na minane. Shikamoo ni salamu inayodai jibu, na jibu lake lina silabi nne, ilhali pumzi iliyobaki inatosha mbili. Hutoka "mara..." Mtoto husubiri kwa adabu, kisha mbuzi humwita.

Kileleni upepo huchukua kofia kwanza, ndipo huonekana mandhari: mji, uwanja wa ndege, na uwanda mkavu usio na mwisho. Hapo husimuliwa kisa cha tembo aliyezama topeni, Wagogo wakapaita Idodomya, palipozama. Wasikilizaji huutazama uwanda wote, wakatafuta tope, wasilione.

Mandhari hayo hufaidiwa dakika mbili. Ya tatu, wote hugeukia mashariki kuutafuta Mji wa Serikali wa Mtumba, uliozinduliwa Aprili 13, 2019, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji, na hubishana ni doa lipi jeupe lililo wizara ya nani. Watu waliotamani kuikimbia ofisi wiki nzima sasa huikunjia macho ili waione vizuri. Mtandao nao, uliosinzia bondeni, hujaa juu huku. Simu huita. Bosi anaulizia dokezo sabili la jana. "Mkuu," hujibiwa, upepo ukivuma, "Mtumba naiona hapa mbele yangu."

Kushuka hufanywa kwa makalio, na suruali hulipa gharama. Chini, yule mtoto mchunga mbuzi huwa ametangulia, mkononi ana soli ya buti ya pili, ile iliyokosa kitambulisho cha kuifunga. Huikabidhi kwa mikono miwili, na hapo hulipwa marahaba yake anayodai tangu asubuhi, silabi zote nne.