Mkazi wa Bomba Bovu

Miaka minane nimeishi kwenye mtaa huu wa Dar es Salaam, hadi siku nilipoambiwa kwamba siishi hapa.

Aliyeniambia ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tena bila hasira, huku akikoroga sukari kwenye chai ya rangi. Nilikuwa nimekwenda kuomba barua ya utambulisho. Benki ilikuwa inaitaka, na utaratibu wetu unajulikana: unaweza kuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva na cheti cha kuzaliwa, lakini hauko mpaka serikali ya mtaa iseme uko. Nikavitoa vyote nikavipanga mezani kama mchuuzi wa soksi. Mwenyekiti akavitazama, akanitazama, akarudi kwenye chai yake.

"Ndugu yangu, barua ya utambulisho maana yake mimi nakutambulisha wewe. Sasa nitakutambulishaje wakati mimi mwenyewe sikutambui?"

Nikamwambia mimi ni mkazi wake, nina nyumba, geti la bluu, ukishuka kutoka dukani kwa Mangi. Akauliza mara ya mwisho nilihudhuria mkutano gani. Nikakohoa. Mchango wa ulinzi shirikishi nampa nani? Nikakohoa tena. Na mwenyekiti wa mtaa anaitwa nani? Hapo nikatupa jicho ukutani kutafuta msaada. Ukutani kulikuwa na picha ya Rais, picha ya Baba wa Taifa na kalenda ya mwaka juzi. Nilikuwa na hakika jibu halimo.

"Nenda kwa mjumbe," akasema. "Akikujua yeye, na mimi nitakujua."

Wajumbe wa nyumba kumi walianza enzi za TANU, miaka ya 1960. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wao ni watu wa chama, si wa serikali, lakini huku uswahilini habari hiyo bado iko njiani. Mgeni, mpangaji mwenye ugomvi na mwizi wa kuku wote hupitia kwa mjumbe kwanza. Wetu ni mama anayekaanga vitumbua karibu na kijiwe cha bodaboda. Nikampa shikamoo yenye unyenyekevu ambao hajawahi kuuona kwangu. Akageuza vitumbua vyake kwanza, kimoja kimoja, vyote saba, ndipo akainua uso.

"Marahaba. Huyu namfahamu," akasema, akiwaambia wateja wake, si mimi. "Si ndiye yule wa geti la bluu, anayepita kioo kimefungwa? Mke wake anasalimia."

Kwa ushahidi huo, kwamba mke wangu ana adabu, nikawa mkazi halali. Mtendaji wa mtaa akaandika barua, akaupulizia muhuri pumzi mara mbili kwa kuwa wino ulikuwa umekauka, akagonga. Nikaisoma nikiwa mlangoni. Nikarudi ndani.

"Samahani, kwenye anwani hapa mmekosea. Mmeandika Njia ya Bomba Bovu."

"Hatujakosea. Nyumba namba 7, Njia ya Bomba Bovu. Kibao si kipo pale kwenye kona?"

Kibao kipo kweli. Nilikuwa nakipita kila siku, kioo kimefungwa.

Ndipo nikaelezwa yaliyotokea. Mapema mwaka 2022 nchi nzima iliingia kwenye Operesheni Anwani za Makazi: kila barabara, kila mtaa na kila njia ipate jina, kila nyumba ipate namba, kazi iishe kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti. Majina hayakushushwa kutoka Dodoma. Wakazi wenyewe walitakiwa wakae wakubaliane. Kuna waliochagua majina ya wazee wao, kuna waliochagua miti, mito na mikoa waliyotoka. Na mkutano wa kwetu uliitishwa, tangazo likapita.

Nalikumbuka hilo tangazo. Tangazo la mtaa hupita juu ya bodaboda yenye kipaza sauti, na bodaboda haijaumbwa kwenda polepole, kwa hiyo aliye ndani hupata mgawo wake tu: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa Jumamosi saa nane kamili mchana kutakuwa na..." Kisha inakata kona, na kilichobaki unajazia mwenyewe. Mimi nilijazia "chanjo ya mbwa." Sina mbwa. Nikaongeza sauti ya televisheni, maana mpira ulikuwa umeshaanza.

Kutoka njia yetu walikwenda watu watatu: mjumbe, kijana mmoja wa bodaboda, na mpangaji wa nyumba ya pili aliyefuata kivuli cha turubai. Wakaulizwa, njia ile mnaiitaje? Sasa, mbele ya geti langu palikuwa na bomba lililopasuka tangu mwaka wangu wa tatu pale. Lilivuja usiku na mchana, bata wa jirani wakaligeuza bwawa lao, na watu wakielekezana walisema "ukifika kwenye bomba bovu, shuka." Basi wale watatu walisema ukweli. Katibu akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga, kwa sababu wa kupinga alikuwa nyumbani akimtukana mwamuzi.

Dada wa benki alipoisoma barua yangu alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwenzake wa dirisha la pili aje naye aisome.

Nikaapa kwamba mkutano unaofuata nitakuwepo, na jina litabadilika.

Nilifika saa nane kamili, jambo lililothibitisha kuwa mimi ni mgeni. Chini ya mwembe palikuwa na viti vya plastiki vya chama cha kufa na kuzikana, watoto watatu na mbuzi. Watu walianza kuingia saa tisa. Saa tisa na nusu mwenyekiti alihesabu akidi, na ninashuku alimhesabu pia muuza ubuyu na mafundi wawili waliokuwa wakisubiri jua lipungue.

Muhtasari ukasomwa, yatokanayo yakapita, tukafika kwenye mapato na matumizi. Hapo ndipo usingizi ulipowatoka watu. Mtendaji alisoma haraka haraka, lakini hakuna msomaji anayeweza kumkimbia mama wa mtaani mwenye hesabu zake.

"Rudia hapo. Viburudisho elfu kumi na nane?"

"Ndiyo mama. Viburudisho."

"Viliburudisha nani?"

"Wageni waliotoka manispaa."

"Wangapi?"

"Wawili."

Mkutano mzima ulinyamaza ukigawanya kumi na nane kwa mbili.

Aliyemwokoa mtendaji ni mzee mmoja ambaye, nimekuja kujua baadaye, husimama kila mkutano kusema jambo lile lile, na kila mkutano husikilizwa. Alisema sisi vijana tunalalamika kwa sababu hatukuwepo mwaka 1972, serikali ilipoanza kuzifuta serikali za mitaa, na halmashauri za miji nazo zikaja kufutwa. Taka zilikosa mwenyewe, mitaro ikaziba, kipindupindu kikaingia mwishoni mwa miaka ya 70, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa mbio mbio, kabla ya sheria mpya za mwaka 1982. "Kwa hiyo mtu akikwambia mkutano wa mtaa hauna kazi," akamalizia, akinitazama mimi kwa sababu ambayo sikuipenda, "mwambie umeshawahi kukosekana, na tulizika."

Kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Nilizungumza kama mtu wa semina: nikamshukuru mwenyekiti, nikamshukuru mtendaji, nikaushukuru mkutano, nikaeleza kwamba jina la njia ni sura ya wakazi wake na kwamba "Bovu" linawaathiri watoto wetu kisaikolojia. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho.

"Jina limetokana na bomba," akasema. "Bomba likipona, tutazungumza jina. Nani atalifuatilia bomba?"

Kimya. Hata mbuzi alitulia.

"Basi aliyelileta ndiye atakayelifuatilia. Wanaoafiki?"

Mikono yote ikapanda, ukiwemo wa muuza ubuyu. Ile Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji, Namba 8 ya mwaka 1982, ina vifungu vingi, lakini nahisi hiki wanakihifadhi kichwani: mwenye kuuliza ndiye mwenye kutekeleza.

Nilikwenda kwa watu wa maji mara tatu, nikiwa na shati la kazini na Kiingereza cha akiba. Mara zote tatu niliulizwa swali moja: "Akaunti namba ngapi?" Nikisema si la mtu, ni bomba la njiani, naambiwa bila namba ya akaunti mfumo haulioni. Bomba linaloonwa na bata, watoto na bodaboda wote wa kata, mfumo haulioni. Mara ya nne sikwenda na shati. Nilikwenda na barua ya mwenyekiti, yenye muhuri ule ule wa kupulizwa pumzi, na nakala kwa diwani. Fundi alikuja Jumanne.

Alikuja na klampu ya inchi mbili. Bomba lilikuwa la inchi moja na nusu. Akaenda, akarudi Alhamisi na ya inchi moja na nusu, akakuta vijana wa mtaa wameshachimba mpaka bomba likaonekana lote, na mimi nimesimama ukingoni na tai shingoni, maana nilikuwa njiani kwenda kazini na nilitaka nionekane nasimamia.

"Maji yamefungwa?" nikauliza.

"Yamefungwa," akajibu kijana mmoja kwa imani.

Nikainama kuangalia pale palipopasuka. Fundi akavuta mpira wa ndani ya tairi uliokuwa umefungiwa pale kwa miaka mingi. Hayakuwa yamefungwa. Yalinipiga kifuani, yakapanda usoni, yakaondoka na miwani. Video yake ni ya sekunde kumi na moja, na ilifika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla mimi sijafika nyumbani kubadilisha. Kabla ya jua kuzama nilikuwa na jina jipya: Mzee Kalowa.

Lakini bomba likapona. Na kwa kuwa mtaani mtu akifaulu jambo moja hupewa la pili kama adhabu, nikakabidhiwa daftari la mchango wa ulinzi shirikishi, nyumba kwa nyumba, kwa njia yetu na ile ya pili.

Hapo ndipo nilipokutana na nafsi yangu ya zamani, ikiishi kwenye nyumba zaidi ya moja. Nyumba namba 12 nilibisha hodi Jumamosi jioni. Akatoka binti wa miaka kama minane.

"Shikamoo. Baba hayupo, amesafiri."

"Marahaba. Amekwenda wapi?"

Binti akageuka kutazama ndani kwa ajili ya jibu. Wakati huo huo televisheni ikapiga kelele, na sauti nzito ya mtu aliyesafiri ikatoka sebuleni: "Gooooli!" Tukatazamana mimi na yule mtoto. Sikumlaumu hata kidogo. Nikamuuliza tu nani kafunga, akaenda kuuliza, akarudi na jibu. Nikaandika kwenye daftari: namba 12, safarini, wanaongoza moja bila.

Miezi ikapita. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukafika, tarehe 27 Novemba 2024, nami nikapanga foleni kama mtu anayejulikana. Nilihesabu salamu nikiwa kwenye mstari: kumi na nne, nyingine za "shikamoo," nyingine za "Mzee Kalowa vipi?" Kioo cha gari siku hizi nakishusha. Kukifunga hakusaidii tena.

Tatizo lililobaki ni lile jina. Bomba lilikuwa zima na njia kavu, lakini kibao kimesimama. Madereva wa bodaboda wanaoniletea mizigo walikuwa wakipiga simu wakiwa mbele ya geti langu: "Bosi, nimefika Bomba Bovu, ila bomba lenyewe silioni." Nikaomba ajenda. Nikapewa. Nilijiandaa kwa karatasi mbili, nikaeleza kwamba sababu ya jina imekwisha, na kwamba mkutano ukiridhia, pendekezo lipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mwenyekiti akasema hoja ina mashiko. Nilihisi machozi.

"Basi tupendekeze jina jipya," akasema. "Kwa kawaida tunaangalia mtu aliyeifanyia njia jambo."

Mama wa vitumbua akasimama polepole, akijifuta mikono kwenye kanga. Kabla hajafungua mdomo nilishajua.

"Mimi naona haki itendeke. Aliyetupigania bomba tunamjua, na siku aliyopambana nalo sote tuliiona. Napendekeza Njia ya Mzee Kalowa."

Makofi yalianzia kwa bodaboda yakasambaa mpaka kwa wazee. Mtu akatoa simu, na nikaisikia ile video ikicheza mahali fulani nyuma yangu, sekunde zote kumi na moja. Katibu akashika kalamu. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga.

Safari hii wa kupinga alikuwepo. Nikasimama, nikaomba radhi, nikaiondoa hoja yangu yote, nikaeleza kwamba Bomba Bovu ni jina lenye historia na kwamba watoto wetu wana haki ya kujua tulikotoka. Hoja ikarudishwa. Katibu akaandika kwamba ajenda imeahirishwa hadi itakapoletwa tena.

Ni hayo maneno mawili ya mwisho yanayonikosesha raha. Tangu hapo, kila nikisikia kipaza sauti kinakuja, nazima televisheni, natoka nje, nakimbia na bodaboda mpaka kwenye kona ili nisikie tangazo lote hadi nukta. Jirani wa namba 12 ananiona kila mara na anadhani nimekuwa mzalendo.