Sifa za Umeme Unaokatika

Kati ya walimu wote walioifundisha kompyuta adabu, hakuna aliyetukanwa sana na kushukuriwa kidogo kama kukatika kwa umeme, na inafaa utetezi wake uandikwe kutoka Kitendaguro, katika Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, ambako mwalimu huyu huingia bila kupiga hodi. Hadhi yake ni ya kimataifa: kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya kilovolti 132 itokayo Masaka hadi Kyaka, hivyo giza lililoimeza barua ya maombi ya kazi katika steshenari ya Bukoba huenda lilikuwa limeshavuka mpaka bila pasipoti.

Wanaolilaumu giza hilo husahau kwamba udhaifu ni wa mashine yenyewe. Kompyuta za zama za ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha ya Tanzania mwaka 1965, zilitunza data katika viini vya sumaku, yaani vipete vidogo vilivyotungwa kwenye nyaya, ambavyo havikusahau kitu hata umeme ulipozimwa. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ikaleta chipu ya kumbukumbu ya 1103, yenye nafasi ya biti 1,024 (biti ni alama moja, ama sifuri ama moja), nayo ilikuwa na kasoro ya ajabu: chaji inayobeba kila biti huvuja, na isipojazwa upya ndani ya milisekunde mbili, habari hupotea. Vizazi vyake vya leo huvumilia kidogo zaidi, kwa kawaida milisekunde 64, lakini ugonjwa ni uleule. Umeme unapokatika hauiui kumbukumbu, bali huacha tu kuifufua.

Ni hofu ya dakika hiyo iliyowafanya wataalamu wabuni mfumo wa mafaili unaoandika kwanza daftarini kile unachokusudia kubadili, ili kompyuta ikiwaka tena ijue ilikuwa imefikia wapi, na ndiyo inayomfanya mchapaji hodari abonyeze Ctrl na S kila baada ya sentensi, kama mtu anayevuta tasbihi. Serikali ilipotaka kuzuia kompyuta mwaka 1974, ilihitaji amri ya kupiga marufuku uingizaji wake. Umeme ukikatika huzizuia zote kwa nukta moja, wala haubagui ya mkubwa na ya mdogo. Kompyuta mpakato yenye betri nzima haistahili sifa yoyote hapa, kwa kuwa ni mtoro wa darasa hili.

Pingamizi zito linatoka kwa wavuna senene, ambao mwezi Novemba huwasha taa kali juu ya mabati ili wadudu hao wavutwe na mwanga, wateleze na kuangukia mapipani. Umeme ukikatika usiku wa namna hiyo, kundi zima huhamia kwa jirani mwenye jenereta, na shauri hilo, ni haki kukiri, bado halijapata wakili.